Meno ya Kisu cha Baba

Wewe unayenisikiliza, kama una kisu cha kukunja mfukoni, kitoe kidogo. Kifungue, ukielekeze kwenye mwanga, uyaangalie makali yake. Kama yamenyooka kama mstari kutoka ncha hadi mpini, hicho ni kisu cha makali ya kawaida. Kama yamepindapinda kama msumeno, ni kisu cha meno. Na kama upande wa ncha umenyooka halafu meno yanaanza ukikaribia mpini, hicho ni cha nusu kwa nusu. Kama huna kisu usijali, utanielewa tu. Hata mimi kabla ya kuajiriwa dukani nilijua kisu kimoja, cha mama, chenye mpini uliofungwa kwa mpira wa baiskeli.

Nilikuwa muuzaji katika duka la vifaa Singida mjini, miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa. Sijui kama utaamini nikikwambia kwamba nilishtushwa na rafu zilizojaa. Nilikua nikijua kwamba duka ni mahali pa kuulizia kitu na kuambiwa hakipo. Panga lilikuja kwa mgao. Sabuni ilikuja kwa mgao. Halafu ghafla, lori moja baada ya lingine, zikaja tochi, misumari, makufuli ya kila ukubwa, na kamba za manila, zile za plastiki za buluu na za kijani, marobota kwa marobota. Siku za mwanzo nilikuwa nafika asubuhi na kuziangalia kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake.

Siku moja ikaja katoni ya visu vya kukunja. Mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo mjini na anayeongea Kinyaturu vizuri kuliko vijana wengi wa sokoni, alivipanga vitatu juu ya kioo cha kaunta: cha kawaida, cha meno, na cha nusu kwa nusu. Mteja wa kwanza alikuwa mzee mwenye koti la mvua. Alikishika cha meno, akakigeuza.

"Binti, hiki kimeliwa na panya?"

"Panya gani anakula chuma, mzee wangu?"

"Basi kimegongwa njiani. Mwambie tajiri wako arudishe mzigo, amepigwa."

Watu waliokuwa dukani wakacheka, na hata mimi nikacheka, maana nami niliona mapengo tu. Kwetu kisu chenye mapengo ni aibu ya nyumba. Mgeni akiazimwa kisu cha namna hiyo anajua moja kwa moja kwamba hapa hakuna mtu anayenoa.

Mzee yule alipoondoka, mwenye duka alinivuta pembeni akanifundisha, na jinsi alivyonifundisha ndivyo nilivyokuja kuwafundisha wengine. Alikata kipande cha kamba ya manila, akakikaza kati ya mguu wake na mkono. Akaweka kisu cha kawaida juu yake na kukandamiza. Kisu kikateleza. Alipokandamiza zaidi kamba ikabonyea tu, nyuzi zikahama huku na huku. Ilibidi avute kisu kwa urefu wake wote, mara kadhaa, ndipo ikakatika. Kisha akachukua cha meno. Kilitoa sauti kama mtu anayetafuna bisi, na kamba ikawa vipande viwili kabla sijajua kimeanzia wapi.

"Umeona?" aliniuliza. "Meno yanashika. Kamba haina pa kukimbilia."

Halafu akaokota kijiti, akakimenya. Cha kawaida kilitoa ganda jembamba, refu, linalojikunja. Cha meno kilikitafuna kijiti kama mbuzi.

"Na hiki cha nusu kwa nusu?"

"Huyu anajua lugha mbili, lakini zote aliachia darasa la nne."

Alikuwa anatania, ila ukweli ulikuwemo. Kisu cha kukunja ni kifupi. Ukikigawa, unabaki na makali ya kawaida mafupi na meno machache. Tena meno yamewekwa karibu na mpini, mahali ambapo mkono una nguvu zaidi, na hapo hapo ndipo mtu anayechonga mti hupahitaji. Kwa hiyo unapata kitu na unapoteza kitu. Wala hakuna ubaya, mradi ujue unachokikata kila siku.

Jambo lingine alilonifundisha ni la kunoa. Kisu cha kawaida mtu yeyote hukinoa kwenye jiwe. Cha meno hakitaki jiwe bapa. Kinataka kitupa chembamba cha mviringo kinachoingia katika kila bonde, jino kwa jino, kwa upole. Habari njema ni kwamba meno hukaa na makali muda mrefu, kwa sababu ncha zake zikiwa butu, yale mabonde bado yanakata.

Wiki hiyo hiyo akaja mchinjaji wa mnadani. Yeye hakutaka hata kuvisikia vya meno. Alipitisha ukucha juu ya makali ya kisu cha kawaida, polepole, akisikilizia.

"Mnyama nikimchinja hatakiwi kuhisi kwaruzo," aliniambia. "Kisu kikiwa na pengo hata dogo, kinamrarua. Watu wangu wataikataa hiyo nyama, na mimi mwenyewe sitaila."

"Na ngozi, mzee?"

"Ngozi ndiyo usiseme. Ukichuna kwa msumeno utauza ngozi au chandarua?"

Hivyo nikaanza kuwa mwalimu wa visu. Mtu akiingia, kwanza nilimuuliza: unakata nini? Mchunaji, mchonga mipini, anayemenya miwa, wote niliwapa cha kawaida. Dereva wa lori anayefunga na kufungua maturubai nilimpa cha meno. Nilipoulizwa nitampa nani cha nusu kwa nusu, mtu wa kwanza aliyenijia kichwani alikuwa baba.

Baba alilima uwele na alizeti kijijini, upande wa Ilongero, kwa maksai wawili. Mmoja alikuwa mwekundu, mwingine mweusi mwenye doa jeupe begani. Hakuwa na wengine waliofundishwa kuvuta plau. Hao wawili ndio waliokuwa shamba letu lote. Bila wao, kulikuwa na majembe ya mkono, migongo yetu, na mvua ya kwetu ambayo haimsubiri mtu. Mfukoni baba alihitaji kisu cha kuchonga vijiti vya nira, kukwangua kwato, kumchuna mbuzi. Lakini sasa kamba zake zote zilikuwa za manila. Za katani na za ngozi zilikuwa zimeachwa, kwa sababu manila haiozi na panya hawaipendi. Kwa hiyo nikamchukulia cha nusu kwa nusu.

Nilimpelekea Jumamosi moja wakati wa kiangazi. Baada ya shikamoo na habari zote za nyumbani na za mjini, nilikitoa, nikamwonyesha sehemu ya kukatia kamba na sehemu ya kuchongea. Alijaribu kwenye kipande cha kamba. Kilipokatika alitoa macho.

"Hiki kitu kina hasira!" alisema, akamwita mama aje kuona. Mama alikuja, akaona, akasema hakitaingia jikoni kwake.

Baba mdogo hakuwepo siku ile. Alikuwa amekwenda kwenye msiba Mungaa. Yeye ni mdogo wake baba, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya uwanja wetu, na ndiye aliyenoa kila kitu pale: majembe, mashoka, visu vya mama, hata mikasi ya majirani. Alinolea kwenye mwamba, mmoja wa miamba ile mikubwa inayochomoza kila mahali kwetu, na mahali alipokaa palikuwa pameshaanza kubonyea.

Nikarudi mjini. Mvua za kwanza ziliponyesha, niliomba ruhusa kazini nikaenda kusaidia kupanda.

Tulikuwa wanne shambani asubuhi ile. Baba alikuwa mbele akiwaongoza maksai, baba mdogo ameshika plau, mimi na mama nyuma tukidondosha mbegu. Udongo ulikuwa umelowa vizuri, unanukia, na baba mdogo alikuwa ananitania tangu tulipoanza.

"Mtu wa mjini, usizitupe kama unalisha kuku! Zikiota mahali pamoja tutakuita uje uzihamishe."

"Baba mdogo, nyoosha mstari wako kwanza. Mbegu zangu zinafuata ulikopita wewe."

"Mmesikia? Kaunta imemfundisha kujibu."

Mama alikuwa bado anacheka wakati maksai mwekundu alipotumbukiza mguu wa mbele kwenye shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba usiku kutafuta mchwa. Nyasi zilikuwa zimelifunika, hakuna aliyeliona. Alianguka kifua chini, kwa kishindo ambacho nilikisikia miguuni. Yule mweusi akashtuka, akavuta kuelekea upande wake. Nira ikasimama mshazari, na kamba ya manila inayopita chini ya shingo ya mwekundu ikakaza kooni.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha. Alifungua mdomo, ulimi ukatoka, na hakukutoka sauti yoyote.

"Mshike mweusi!" baba alipiga kelele. Mama, ambaye siku zote aliwaogopa wale maksai, alimkimbilia mweusi akaning'inia kwenye pembe zake. Mimi nilijaribu kuinua nira, lakini uzito wote wa mwekundu ulikuwa umeilalia. Baba aliligusa fundo akaliacha. Fundo la manila iliyolowa, likishavutwa na ng'ombe, halifunguki kwa vidole. Jembe au shoka lingepiga shingo.

Akatoa kisu mfukoni, akakifungua kwa meno yake, na hapo nikakiona.

Kilikuwa kimenyooka. Kutoka ncha hadi karibu na mpini kulikuwa na mstari mmoja, safi, unaong'aa. Hakukuwa na meno. Nilikiangalia kama unavyomwangalia mtu unayemfahamu aliyekuja na uso mwingine. Sikuelewa. Nilidhani labda amenunua kingine. Lakini mpini ulikuwa ule ule.

Baba alikiweka juu ya kamba kwa hofu, maana chini yake kulikuwa na koo, akakandamiza. Kikateleza. Akakandamiza tena. Kikateleza hadi kwenye manyoya, damu kidogo ikatoka. Macho ya mwekundu yalikuwa yamegeuka, yanaonyesha weupe. Miguu yake ya nyuma ilianza kupiga ardhi, kisha ikapunguza kupiga.

"Hakikati!" baba alisema. Sikuwahi kuisikia sauti yake ikiwa vile.

"Hakiwezi kukosa kukata," alisema baba mdogo. "Nimekinoa mimi mwenyewe! Kilikuwa kimejaa mapengo, nikayatoa yote!"

Baba alimgeukia. Mikono yake ilibaki palepale kwenye kamba. Ulikuwa muda mfupi tu, lakini nauona mpaka leo: watu wazima wawili wamepiga magoti kwenye matope, mmoja hajui alichofanya, mwingine ndiyo kwanza anakijua, na mnyama katikati yao anaisha.

"Yalikuwa meno," nilisema. "Baba mdogo, yalikuwa meno ya kukatia kamba."

Niliona jinsi maneno yale yalivyomwingia. Uso wake ulibadilika rangi. Kisha akamnyang'anya baba kisu.

"Mawili yamebaki," alisema. "Hapa kwenye shina. Jiwe halikufika, mpini ulizuia. Yalinishinda."

Alikigeuza, akausogeza mpini karibu kabisa na kamba, mahali ambapo mtu hawezi hata kuona makali. Hakukandamiza. Alikivuta kidogo kidogo, kama anayekwaruza. Nikasikia ile sauti ya bisi. Uzi mmoja wa buluu ukaruka, ukafuata mwingine, halafu kamba ikafyatuka yenyewe kwa nguvu ya mvuto na kumchapa baba mdogo shavuni.

Mwekundu alilala. Tulisimama tukiuangalia ubavu wake. Haukusogea. Mama alianza kusali, nusu kwa Kiswahili nusu kwa Kinyaturu. Baba alipiga goti, akampiga mnyama mbavuni kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu. Ubavu ukapanda. Pumzi iliyoingia ilisikika kama mlango wa bati unaoburutwa.

Kisha mwekundu akautoa mguu wake shimoni. Mguu haukuwa umevunjika. Sijui ni kwa nini haukuvunjika.

Tulipumzika pale pale kwenye matuta, kazi ya siku ile ikaishia hapo. Baba mdogo alikuwa na mstari mwekundu shavuni. Alikishika kisu mkononi hataki kukiweka chini.

"Nilikikuta kinaning'inia mlangoni kwako," alimwambia baba. "Nikaona mtoto amepigwa na wafanyabiashara. Ametumia mshahara wake, wamempa kisu kibovu. Nikasema nikitengeneze kimya kimya, asije akajua akaona haya. Nilikinolea kutwa nzima. Chuma kile kigumu, kaka."

"Mimi nilikikuta hakina meno," baba alisema, "nikajua yameisha yenyewe. Nikasema vitu vya siku hizi ndivyo vilivyo. Nikanyamaza, asije akasikia kwamba zawadi yake haikumaliza hata kiangazi."

Nilipigwa na butwaa kuliko nilivyoshtuka pale kwenye shimo. Ujue kwamba kwetu mtu akikuletea kitu, humwambii kasoro yake. Mama aliwahi kuletewa viatu vidogo na mjomba, akavivaa kanisani hadi kucha zikaharibika, na mjomba akafurahi. Nimelelewa hivyo na ninaipenda tabia hiyo. Lakini sasa nilikuwa nimekaa na wanaume wawili ambao kila mmoja alikuwa amebeba siri ndogo kwa ajili ya kunilinda mimi, na siri hizo mbili zilikuwa zimekutana kwenye koo la ng'ombe. Wangeongea hata mara moja, uwanja ule ule mmoja, wangejua.

Nilimwomba baba mdogo kisu. Nilipokiangalia kwa utulivu nikaelewa jambo ambalo hata dukani sikuwa nimefundishwa. Ubapa wa kisu ni mwembamba kwenye makali na mnene kuelekea mgongoni. Ukiyasaga meno yote mpaka kwenye mashina yake, makali mapya yanakuwa yamerudi nyuma, kwenye chuma kinene. Kwa macho yanang'aa, kwa ukucha yanateleza, lakini ni kama makali ya shoka dogo. Zaidi ya hapo, baba mdogo alikuwa ameyalainisha hadi yakawa kama kioo, na manila iliyolowa haikupata kitu cha kuishika. Alikuwa amefanya kazi nzuri sana, ya kisu kingine.

"Kwa hiyo nilikitoa ulimi," alisema.

"Ulikitoa meno, baba mdogo. Ulimi umebaki, ndiyo maana kilikuwa kinairamba tu kamba."

Mama ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kibaya kilichochanganyika na kilio, na sisi tukafuata. Baba hakucheka. Alikuwa anamwangalia mwekundu, ambaye alikuwa amesimama sasa, kichwa chini, mate yanamtoka.

"Kesho hatavuta," alisema. "Keshokutwa tutamwona."

Alivuta, siku chache baadaye, kwa kamba ya ngozi ambayo baba mdogo aliikata na kuisokota mwenyewe. Tulimaliza kupanda tukiwa tumechelewa kidogo, ila tulimaliza. Mlio wake haukurudi kama zamani. Ulibaki mkavu, wenye mikwaruzo, na kila nilipousikia toka uwanjani moyo wangu uliruka.

Tangu hapo, mtu akija kuniuliza achukue kisu gani, bado naanza na lile swali langu la zamani, unakata nini. Anayechuna na kuchonga, achukue makali ya kawaida. Anayeshinda na kamba, achukue meno, na kitupa chembamba cha kuyanolea. Anayefanya vyote na ana mfuko mmoja, achukue nusu kwa nusu na akubali kwamba kila upande ni mfupi. Haya si magumu, utayazoea. Lakini nina swali la pili, na hilo nisipojibiwa sifungi mzigo: nyumbani kwenu nani ananoa?

Kwa hiyo ukipeleka kisu chenye meno kwenye nyumba yoyote, usimpe mwenye mfuko peke yake. Mwite na yule anayenoa, kata kipande cha kamba mbele yake, halafu mpe kisu akate na yeye.